Kahaso wa Barani na Hadithi ya Nyumba Yao

Ukitaka harusi yako ikumbukwe Malindi, ulimtafuta Kahaso. Ungeweza kupika biriani sufuria kumi na kuwaleta waimbaji kutoka Mombasa, lakini kama kipaza sauti hakimo mkononi mwa Kahaso binti Mwaringa, watu wangekula, wakapangusa midomo, wakaenda zao. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwenye mwili wake na sauti ya kutoka tumboni, na alijua kumtania bwana harusi mpaka mama mkwe mwenyewe akashika mbavu. Alisherehesha ndoa za Wagiriama kanisani, alisherehesha za Waislamu upande wa akina mama, na hata matangani aliitwa, kwa kuwa alijua ni wakati gani watu wanataka kucheka na wanaona haya.

Jambo ambalo watu hawakulijua ni kwamba Kahaso hakuwahi kukaa chumbani akaupa mlango mgongo. Nyumbani kwake Barani, mtaa wa hapo Malindi, kiti chake kiliegemea ukuta, macho mlangoni. Kanisani alikaa safu ya mwisho. Akiingia hotelini kula, meza yake ni ile ya pembeni, hata kama ipo karibu na choo. Hakujua ni kwa nini, wala hakuwa amejiuliza. Alidhani kila mtu yuko hivyo.

Siku mambo yalipofumuka, alikuwa Bofa, kwenye harusi ya hotelini, saa tisa mchana, jua bado kali. Kahaso alikuwa mbele ya meza ya maharusi, ameipa nyuma ya hema mgongo, jambo ambalo kwa kawaida asingelifanya, lakini wapambaji walikuwa wamepanga viti kinyume. Vijana kumi na wawili wa upande wa bwana harusi walikuwa wamejificha nyuma ya hema ili waingie kwa vishindo, wakiimba na kugonganisha magongo. Ilikuwa imepangwa. Kahaso mwenyewe ndiye aliyeipanga.

Lakini aliposikia nyuma yake zile nyayo nyingi zikija pamoja, na zile sauti za wanaume, na yale magongo, kitu kikamshika kooni. Vidole vikafa ganzi. Moyo ukampiga kama unataka kutoka. Kipaza sauti kikaanguka, na kabla hajajua anafanya nini, Kahaso alikuwa ameinama, ameingia chini ya meza ya maharusi, amejikunyata katikati ya vitambaa vyeupe.

Watu wakacheka. Walidhani ni mzaha wake mwingine. Walicheka, wakapiga makofi, mwingine akapiga mbinja. Ni bibi harusi tu aliyeinua kitambaa kidogo akamwona uso, na yeye hakucheka.

Hospitalini walimpima moyo, wakaupata mzima. Wakampima damu, sukari, presha. Mwisho daktari akamwandikia karatasi ya kwenda chumba cha nyuma, kile cha afya ya akili. Kahaso akaisoma karatasi ile mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akakaa nayo wiki tatu. Alipokwenda, alikwenda amejifunga mtandio mpaka puani, yeye ambaye hata watoto wa mtaani walimjua kwa mwendo.

Muuguzi wa chumba kile aliitwa Ummulkheir, mama wa makamo ambaye wazazi wake walitoka Siyu, mwenye maneno taratibu kama anayechambua mchele.

"Sista, mimi si mwendawazimu," Kahaso akaanza hata kabla ya kukaa.

"Hapa hawaji wendawazimu tu, dada yangu. Hapa huja watu waliochoka. Karibu ukae."

Kahaso akakivuta kiti mpaka ukutani, akakielekeza mlangoni, akakaa. Sista Ummulkheir akamtazama akifanya hivyo. Wakazungumza habari za harusi, za kazi, za usingizi. Kisha muuguzi akauliza, kama anayeuliza bei ya nazi, "Hebu nambia. Katika nyumba uliyolelewa, ni nani aliyekuwa akiuogopa mlango kabla yako?"

Kahaso akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Baba yake, Mwaringa, alikuwa fundi wa kujenga, mtu mkimya, mwaminifu, ambaye nusu ya kuta za Barani zilipita mikononi mwake. Mvi zilimwahi mapema. Hajafika hata miaka thelathini na mitatu, zikaanza kumtoka juu ya masikio. Na tangu ilipotoka ya kwanza, kila Ijumaa jioni alikaa kwenye kigoda uani, taulo begani, akapakwa piko, ile rangi nyeusi ya nywele. Aliyeikoroga piko ile na kumpaka kwa mswaki mkuukuu alikuwa Kahaso, tangu ana miaka minane. Akiruka hata unywele mmoja, baba yake aliyekuwa hakemei mtu aling'aka: "Tazama vizuri! Umeacha hapo!" Mtoto alidhani baba yake anapenda ujana.

Madirisha ya nyumba yao yalifungwa jua lingalipo. Kwao bara, upande wa Ganze, hawakupelekwa hata mara moja. Yeye au kakake Chengo wakiuliza habari za babu, tsawe yao, jibu lilikuwa moja: "Alikufa. Kuleni."

Na Kahaso, kama kila mtoto wa pwani hii, alikua akijua kwamba ziko sehemu ambako mvi za mzee ni hatari. Mtoto wa jirani anaugua, ng'ombe anakufa, au shamba la mzee linatamaniwa, basi anatokea mmoja anasema, mchawi ni yule, na mzee anauawa. Hulisikia redioni, husikitika, huzima redio. Hakuwa amewahi kuliweka jambo hilo karibu na ile bakuli ya piko.

Alitoka kwa Sista Ummulkheir akaenda moja kwa moja kwa baba yake. Mzee Mwaringa, sasa ana miaka sitini na minne na ni mjane, alikuwa anachonga mpini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona jua hili?"

"Baba, tsawe alikufaje?"

Mzee akaendelea kuchonga. Akachonga mpaka Kahaso akadhani hatajibiwa. Kisha akasema, "Tsawe yako alikuwa na mvi nyingi." Akaingia ndani.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kwanza. Mengine yalikuja kidogo kidogo kwa miezi minane, na hakuwahi kutoa vipande viwili katika wiki moja. Kwamba mzee huyo aliitwa Ngowa. Kwamba alijua kutengeneza mizinga ya nyuki, na alikuwa na shamba lenye minazi iliyozaa sana. Kwamba ilikuwa mwaka wa sabini na nne, saa saba mchana, si usiku kama watu wanavyodhani mambo hayo hufanyika. Mwaringa alikuwa na miaka kumi na minne. Walikuwa wawili tu nyumbani, wanapukuchua mahindi, wakaona wanaume wanakuja kutoka ng'ambo ya shamba. Walipofika, Mwaringa alikuwa juu ya uchaga, ile dari ya fito juu ya mafiga ambako mahindi huanikwa yakaushwe na moshi. Hakuona kitu. Alisikia. Sauti mojawapo aliijua, maana mwenye sauti ile alikuwa amekula kwao siku mbili nyuma. Jina hakulitaja, na Kahaso hakuliuliza.

Katika miezi hiyo Kahaso alirudi kwa Sista Ummulkheir kila Alhamisi. Alifundishwa kupumua, alifundishwa kuitambua hofu inapokuja na kuiita kwa jina. Muuguzi akamweleza kwamba kiwewe hurithiwa, hata bila neno kusemwa. Kwamba mtoto huweza kujifunza kuogopa kwa kutazama mkono wa mzazi unavyofunga dirisha. Kahaso akalifikiria jambo hilo njia nzima. Akawakumbuka wanawe wawili, ambao nao, sasa alipowatazama vizuri, walikuwa wakikaa na migongo ukutani.

Ikawa hospitali inaandaa siku ya afya ya akili katika ukumbi wa mji, na Sista Ummulkheir akamwomba Kahaso awe mshereheshaji.

"Kusherehesha sitaki," Kahaso akasema. "Nipe saa moja peke yangu jukwaani. Nitasimulia."

"Utasimulia nini?"

"Nyumba yetu."

Kuwaza ni rahisi. Alipompelekea baba yake habari, mzee alikataa pale pale. "Mambo mengine yamelala, Kahaso. Usiyachokoe." Chengo, ambaye ni mwalimu Kilifi, alipiga simu akiwa mkali. "Unataka kutuanika? Watu hawatasikia kwamba babu alionewa. Watasikia kwamba babu alikuwa mchawi. Na mimi nina wanafunzi, Kahaso. Nina jina."

"Jina hilo umepewa na nani, Chengo?" akamwuliza. Simu ikakatwa.

Angeweza kuendelea. Ukumbi ulikuwepo, na mdomo ni wake. Lakini aliona kwamba hadithi hii ina mwenyewe, na mwenyewe yu hai. Akamwambia Sista Ummulkheir amtafute mtu mwingine. Huku nyuma, hata hivyo, aliendelea kuitunga, akiisema kwa sauti ndogo akipika, akifua, akibadilisha neno hapa na pale, kama mtu anayeshona nguo asiyojua kama itavaliwa.

Jumapili moja baada ya ibada mzee Mwaringa akabisha hodi kwa Kahaso, amevaa koti la kanisani. Hakutaka chai. Alikaa kwenye kile kiti cha ukutani, akaweka kofia magotini.

"Hayo uliyotaka kuwaambia watu juu yangu," akasema, "niambie mimi kwanza. Yote. Kama vile ungewaambia wao."

Basi Kahaso akasimama katikati ya sebule yake, kati ya kabati na televisheni, akamsimulia baba yake maisha ya baba yake. Akamwigiza akipakwa piko, na mzee akatabasamu kidogo. Akamwigiza Ngowa na nyuki wake. Akafika kwenye ule mchana. "Mwaringa akawaona," akasema, "woga ukamwingia, akakimbia, akapanda uchagani kujificha."

Mzee akainua mkono. "Hapo sivyo."

Kahaso akashusha mikono.

"Sikukimbia. Nilichukua jembe." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilisimama mlangoni na jembe. Baba akaja akaninyang'anya. Akaniambia, Panda. Nikasema, Sipandi. Akaniambia, Mwaringa, mimi ni baba yako, nakuamuru, panda. Ndipo nikapanda. Akaniondolea ngazi, akaitupa nje." Akaizungusha kofia magotini. "Miaka hamsini najiona mwoga. Ninapofunga dirisha najiona mwoga. Lakini sasa hivi, uliposema nilikimbia, kuna kitu ndani yangu kimekataa. Nimekumbuka mkono wake kwenye mpini wa jembe. Alikuwa na nguvu, mzee yule."

Kahaso alikaa chini miguuni pa baba yake. Mwisho mzee akavaa kofia yake.

"Waambie," akasema. "Lakini useme nilichukua jembe."

Sista Ummulkheir hakuwa amempata mtu mwingine. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Ukumbi ulijaa, watu kama mia mbili hivi, wengi wamekuja kwa sababu wamesikia ni Kahaso na wanajua watacheka. Jukwaani palikuwa na kiti kimoja cha mbao, basi. Alivaa leso ya kawaida na blauzi nyeupe. Mzee Mwaringa alikaa safu ya mbele, wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

Na kweli aliwachekesha. Alianza na Jumapili ile ya joto kali, baba yake yuko kanisani, piko haijakauka vizuri, ikaanza kutiririka nyuma ya shingo mpaka kwenye kola nyeupe, na padri akadhani mzee anatokwa na damu nyeusi. Watu walivunjika mbavu. Kahaso akawaacha wacheke mpaka wachoke. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, "Sasa niwaambie alikuwa anaficha nini." Ukumbi ukatulia.

Akasimulia. Hakumtaja aliyetenda, wala kijiji. Alimtaja Ngowa, akamtaja tena, na mizinga yake, na jinsi alivyowapulizia nyuki moshi huku akiwaomba radhi. Alikuwa anakuja kwenye ule mchana wakati mtu huko nyuma alipoburuta viti kadhaa kwa pamoja, na miguu ya watu waliochelewa ikapiga kishindo sakafuni.

Ikamshika. Pale pale, mbele ya watu mia mbili: koo, vidole, moyo. Aliiona meza ya kando ya jukwaa na mwili wake wote ukataka kwenda chini yake. Sista Ummulkheir alinyanyuka nusu kitini.

Kahaso akakishika kiti cha mbao kwa mikono miwili. Akawatazama watu.

"Imekuja," akasema. "Hii ndiyo yenyewe. Wale mliokuwa Bofa mlicheka, na siwalaumu, mimi mwenyewe sikuijua. Leo sitajificha. Nitasimama hapa mpaka ipite. Ngojeni nami."

Akavuta pumzi kwa hesabu ya nne, akaishusha kwa sita. Tena. Jasho lilimtiririka, mikono ikitetemeka waziwazi, wala hakuificha. Ukumbi mzima ulimngoja. Hapakuwa na aliyekohoa wala aliyetoa simu. Mama mmoja safu ya tatu akaanza kupumua naye, na aliyekuwa karibu yake akaiga, mpaka ikasikika ile pumzi ya watu wengi ikiingia na kutoka. Ilichukua kama dakika nne. Wasanii wanasema dakika nne jukwaani ni mwaka. Hata hivyo waliokuwepo husema hawakuwahi kumwona Kahaso mkubwa kama alivyokuwa katika dakika zile ambazo hakusema kitu.

Ilipopita, akapangusa uso kwa pembe ya leso. "Haya," akasema. "Tulikuwa mlangoni. Mwaringa ana miaka kumi na minne, na amechukua jembe."

Alimtazama baba yake alipolisema. Mzee hakuinamisha kichwa. Kidevu chake kilikuwa juu, machozi yanashuka, na hakuyapangusa.

Alipomaliza, bikizee mmoja wa Kigiriama, aliyevaa hando, ile sketi ya marinda, kama wanavyovaa wa zamani, akapiga kigelegele, kile kirefu cha kumpokea mtoto aliyezaliwa. Watu wakashtuka, kisha ukumbi ukaripuka.

Baadaye wazee walikuja mmoja mmoja kumshika mkono Mwaringa. Mmoja alisimama mbele yake kitambo, kichwa cheusi tititi, akamwambia neno moja tu, "Nami hupaka," akaondoka. Na kutoka safu za nyuma akaja Chengo, ambaye alikuwa ameapa hatakuja, na alikuja bila kumwambia mtu.

"Baba," akasema, "hukuniambia kwamba ulichukua jembe."

"Hukuniuliza," mzee akajibu, akamsogezea kiti.

Tangu siku ile Kahaso amekwisha kusimulia mara tisa, Kilifi, Mnarani, Marafa na kwingine. Kliniki ya Alhamisi sasa ina foleni, na baadhi ya walio kwenye foleni hawajifuniki uso. Hofu bado humjia. Si kama zamani, lakini huja, naye huisalimu kama mgeni msumbufu wa ukoo: unamjua, unamkaribisha, unamngoja aondoke. Mzee Mwaringa huenda naye kila mahali, na wakirudi humkosoa. Humwambia ameikimbiza sehemu ya nyuki. Nywele zake ameziacha zitoke zinavyotaka, na upande wa kushoto ni nyeupe pe.

Mwaka huu ikaja barua kutoka kikundi cha akina mama cha kule kwao, bara, kile kijiji ambacho Kahaso hakuwahi kukitia jicho. Wanamwomba aende akasimulie. Mzee alikaa na barua siku sita. Siku ya saba akasema, "Tutakwenda. Lakini mimi nitatangulia kuingia."

Walifika asubuhi, Chengo pamoja nao. Ni uwanja wa shule ya msingi, watu kama arobaini kwenye madawati yaliyotolewa nje. Mzee Mwaringa alitangulia, mikono nyuma, akapita katikati yao polepole akimsalimu kila mmoja. Kahaso aliwasimulia kwa Kigiriama, mara ya kwanza kwa lugha hiyo, na maneno yalimjia yamejaa. Mwanamume mmoja alinyanyuka katikati akaondoka, hakurudi. Wengine walikaa mpaka mwisho. Hapakuwa na aliyeomba radhi siku hiyo, wala Kahaso hakuwa amekwenda kudai. Lakini mama mmoja kijana alimletea mzee maji kwa mikono miwili, amepiga goti, na mzee akayanywa yote.

Mwenyekiti wa akina mama akamwuliza kama angependa kuwaambia watu neno. Mzee Mwaringa akasimama, akaweka mkono begani kwa bintiye.

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Anaitwa Kahaso, mjukuu wa Ngowa. Mmemsikia."

Akakaa. Wakapewa mihogo ya nazi na chai ya rangi, wakala haraka haraka, kwa kuwa Kahaso alikuwa na harusi Watamu saa tisa na bwana harusi alikuwa amekwisha kupiga simu mara mbili.